Fupi, Tamu, Bila Senti

Aliyewaambia watu kwamba siku hizi dunia haina muda, kwa hiyo ukiandika kifupi utatajirika, namtafuta. Sitaki kumpiga. Nataka aje nyumbani, akae kwenye kiti kile chenye mguu mbovu, anionyeshe hela ziko wapi.

Maana kifupi mimi nakiandika. Nina blogu ya visa vya mjini, na kila kisa kinaisha kabla kahawa haijapoa: konda wa Gongo la Mboto anayedai nauli mara mbili na kuomba radhi mara moja, mwenye nyumba anayekuja kukagua bomba kila tarehe ya kodi inaponukia, fundi cherehani aliyesema "kesho" tangu sikukuu iliyopita. Watu wanasoma. Wanacheka. Wanatumiana kwenye makundi ya WhatsApp. Wengine wananinakili neno kwa neno na kufuta jina langu, jambo ambalo mpwa wangu anasema ni dalili ya mafanikio. Sawa. Ila mafanikio hayo nikienda nayo dukani kwa Mangi, hayanipi hata kiberiti.

Mpwa wangu huyo ndiye mwalimu wangu katika mambo haya. Ni kijana wa miaka ishirini na kitu, kazi yake haina jina ambalo mama yake anaweza kulitaja mbele ya wageni, lakini kodi ya chumba analipa kwa wakati na mimi amewahi kunikopesha. Ukishakopeshwa na mpwa, unamsikiliza.

"Anko," akaniambia, "wewe unadhani unauza maneno. Huuzi maneno. Unauza msomaji."

Nikamwambia msomaji wangu si bidhaa, ni mtu na heshima zake. Akacheka kicheko kile cha vijana wanapomwonea mzee huruma, akanieleza habari ya mnada. Kumbe mtu akifungua ukurasa wenye nafasi ya tangazo, katika kile kipande cha sekunde ambacho ukurasa unajipanga, wenye matangazo wanamgombea kwa bei, na tangazo la aliyepanda juu ndilo linalotokea. Mnada wa Feri mtupu, isipokuwa hapa anayelala juu ya meza ya dalali ni msomaji wangu. Na kama ilivyo Feri, bei haiulizi mvuvi alikesha kiasi gani. Inatazama samaki. Msomaji aliyeko Chicago au London ni nguru: kampuni za bima, wakopeshaji, mawakili, wote wanamtolea macho. Msomaji wangu wa Mbagala, anayesoma kwa bando la saa moja huku amekalia kiroba cha mkaa, ni dagaa. Ni mtamu kuliko nguru, nakuapia, na anacheka vizuri zaidi. Lakini anapimwa kwa sado.

Nikajipa moyo kwamba nguru na mimi ninao. Nina shemeji yuko Minneapolis, yeye na wenzake wa zamu ya usiku wanavisoma visa vyangu vyote, na Kiswahili chao bado kina chumvi. Nikampigia simu kumjulisha kwamba yeye peke yake, akifungua ukurasa wangu, ana thamani ya mtaa mzima wa Tandale. Alifurahi sana. Akaniambia visa vyangu ndivyo vinavyomtoa upweke, na kwamba kinachomfurahisha zaidi ni jinsi ukurasa wangu ulivyo msafi, hauna matangazo hata moja.

Kumbe ameweka programu ya kuzuia matangazo. "Yananisumbua, shemeji, tena yanakula chaji."

Basi. Samaki wangu mmoja wa bei amepita chini ya nyavu, tena ananipongeza kwa usafi wa bahari.

Lugha nayo ina kesi yake. AdSense ya Google, ambayo ndiyo mfumo wa matangazo unaotumiwa na wenye blogu wengi, ilianza 2003, na kwa miaka mingi Kiswahili hakikuwamo kwenye orodha ya lugha zake. Wenzetu wakawa wanaandika Kiingereza cha kubahatisha ili tu mlango ufunguke. Unakuta mtu anajua Kiswahili cha kumtoa nyoka pangoni, lakini anahangaika kueleza upishi wa maandazi kwa Kiingereza ambacho hata maandazi yenyewe yangekiona yangegoma kuumuka. Siku Kiswahili kilipokubaliwa nilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani amefunga bao. Sikujua wakati huo kwamba kuruhusiwa kuingiza samaki mnadani ni jambo moja, na kumpata mnunuzi wa samaki huyo ni jambo jingine kabisa.

Sasa nikueleze kinachoniuma hasa. Mpwa wangu naye ana blogu. Ana chapisho linaitwa "Jinsi ya kupata namba ya NIDA kwa simu". Nimelisoma. Halina utani, halina methali, nukta zimekaa zilipoangukia. Sentensi chache, hatua moja mbili tatu, kwisha. Ukilichapa kwenye karatasi halijazi hata nusu ya ukurasa wa daftari. Hilo ndilo linalomlipia intaneti, na kwa mwezi mzuri linamlipia na umeme. Ameliandika mara moja, akaenda zake kulala, nalo bado linafanya kazi hadi leo. Mimi kisa changu cha konda kinachekesha Jumatatu, Jumatano kimesahaulika, Ijumaa natakiwa nitoe kingine.

Nikamuuliza siri ni nini. Akaniuliza na yeye: "Anko, nani anayekaa saa tano usiku akaandika kwenye simu yake 'kisa cha konda na mama mwenye kuku'?"

Sikuwa na jibu, kwa sababu hayupo. Hata mimi mwenyewe sijawahi kukitafuta. Lakini yule anayetakiwa kupeleka namba ya NIDA kesho asubuhi la sivyo kazi inakwenda kwa mwenzake, huyo yupo, tena yupo kila usiku, na anachotaka ni sentensi tatu na usingizi. Huyo anatoka kwenye injini ya kutafutia akiwa na shida mkononi. Wangu wanakuja kwa sababu rafiki kawatumia kiungo, wanacheka, wanatoka, hawagusi kitu. Tofauti haiko kwenye urefu. Vyote viwili ni vifupi. Ila kimoja kinajibu swali ambalo mtu ameuliza, na kingine kinajibu swali ambalo hakuna aliyeuliza, hata kama kinalijibu kwa ufasaha wa kutisha.

Usidhani pia kwamba kila swali lina hela. Siku Baraza la Mitihani linapotangaza matokeo ya kidato cha nne, nusu ya blogu za nchi hii zinageuka mbao za matangazo ya shule. Kila mmoja anaweka kichwa kikubwa, "MATOKEO YAMETOKA, TAZAMA HAPA", ndani kuna mstari mmoja na kiungo cha kwenda kwenye tovuti ya Baraza lenyewe. Wasomaji wanaingia kwa maelfu. Bei yao lakini ni ya jioni sokoni, wakati wauzaji wanataka kurudi nyumbani. Mtoto wa kidato cha nne hana anachonunua, na baba yake, kwa alama zile, siku hiyo hana hamu ya kununua kitu.

Bei iko kwenye bima, mikopo, sheria, benki. Hilo ni kweli dunia nzima, kwa sababu kampuni inayompata mteja mmoja wa bima itakula kwake miaka, kwa hiyo haioni tabu kulipa vizuri ili mteja huyo alione tangazo lake. Mpwa akanishauri niandike habari ya bima ya gari. Nikaandika. Nilisema bima ndogo inamlipa uliyemgonga, bima kubwa inakulipa na wewe, na asiye na bima anawalipa wote wawili pamoja na fundi. Nadhani hakuna aliyewahi kulieleza jambo hilo kwa maneno machache hivyo. Mke wangu akasoma, akauliza tuna gari gani.

Turudi kwenye urefu, maana najua kuna anayesoma hapa akisubiri nimwambie idadi ya maneno. Hakuna idadi. Kuna mahali ufupi unakukata na mahali haukukati. Jukwaa la Medium, kwa mfano, mwaka 2019 lilianza kuwalipa waandishi wake kwa kutazama muda ambao wanachama walitumia kusoma, kwa hiyo enzi hizo ukimwachia msomaji baada ya dakika moja, malipo yako nayo yalikuwa ya dakika moja. Kwenye matangazo ya kawaida, tatizo ni nafasi. Google hawataki matangazo yazidi maandishi, na ule muungano wa kimataifa wa kupambana na matangazo kero, Coalition for Better Ads, unahesabu kuwa kero ukurasa wa simu ambao matangazo yamechukua zaidi ya asilimia 30 ya urefu wa yaliyomo. Sasa piga hesabu. Maneno mia mbili kwenye simu ni kidole kimoja kupanda, kimoja kushuka. Tangazo moja linakaa kwa adabu. La pili linakaa kwa kubanana. La tatu, msomaji anadhani amefungua gazeti la mnada.

Ndiyo sababu ukitafuta jinsi ya kupika pilau unasimuliwa kwanza utoto wa mwandishi, ndoa ya shangazi yake, safari ya Zanzibar, na maoni yake kuhusu mdalasini, wakati wewe vitunguu vinaungua. Mwandishi yule si kwamba anapenda kusimulia. Anatafuta pa kuweka tangazo la nne. Wengine, wasio na hata shangazi wa kumsimulia, wanakikata kitu kifupi vipande: bofya ukurasa wa pili uone jibu, bofya wa tatu. Hao nawachukia kwa moyo mweupe kabisa. Na nasema hivi nikijua wananizidi kipato.

Kuna kipindi nilidhani mkombozi ni familia. Enzi zile malipo makubwa yalitokana na msomaji kubofya tangazo. Ni mwanzoni mwa 2024 tu ndipo AdSense ilipohamia kulipa kwa tangazo kuonekana. Basi shangazi yangu mmoja, mwenye upendo usio na breki, alisikia kwamba kubofya kunamletea mtoto wao riziki, akatangaza kwenye kundi la ukoo: kila mtu baada ya sala abofye. Watu wakabofya. Binamu wa Tanga akabofya tangazo la trekta. Bibi, ambaye simu yake anashikiwa na mjukuu, alibofyewa tangazo la ndevu bandia. Mpwa alipoona namba zinapanda akashika kichwa, kwa sababu kanuni ziko wazi: mwenye ukurasa haruhusiwi kubofya wala kuhimiza watu wabofye, na wakikugundua akaunti inafungwa na kilichomo kinarudishwa kwa wenye matangazo. Ikabidi niitishe kikao cha ukoo kuwaomba watu wanipende kwa kiasi. Shangazi alinuna. Hadi leo nikimsalimia shikamoo anaitikia kwa kutazama ukutani.

Na hata ukikaa kwa adabu, kuna kizingiti. AdSense hawakutumii pesa mpaka zifike dola 100. Chukua mfano tu: kama kila mara elfu ukurasa wako ukitazamwa unapata nusu dola, inabidi utazamwe mara 200,000 ndipo uone mshahara wa kwanza. Hiyo ni baada ya wao kuchukua chao. Walishatangaza tangu 2010 kwamba mwenye ukurasa anabaki na asilimia 68. Na kabla hujaifikia hiyo dola 100, ukifikisha dola 10, wanakutumia barua ya karatasi yenye namba ya siri ili wajue kweli unaishi unakosema unaishi. Mimi ninaishi nyuma ya gereji, mkono wa kushoto ukipita mwembe. Anwani hiyo haikubaliki. Nikatumia S.L.P. ya shule anayofundisha rafiki yangu. Barua ikafika, mwalimu mkuu akaifungua, akaona jina la Google, akaita kikao cha walimu akidhani shule imepata mfadhili wa kompyuta. Nilipokwenda kuichukua nilipokelewa na kwaya.

Serikali nayo ilikuwa na neno. Kanuni za maudhui mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye blogu alipie maombi shilingi 100,000, leseni shilingi 1,000,000, na kila mwaka 1,000,000 nyingine. Ada hizo zilishushwa baadaye. Lakini kwa mwaka ule, aliyetaka kurudisha gharama kwa visa vya konda kwa bei ile ya nusu dola kwa elfu, angehitaji wasomaji wa bara zima, pamoja na watoto wachanga.

Kinachonishangaza ni kwamba wapo wanaoandika vifupi kuliko mimi na hawana shida. Seth Godin, Mmarekani, anatoa kijichapisho kila siku ya Mungu, vingine mistari mitatu, na ukurasa wake hauna tangazo la mtu. Nilimshangilia sana mpaka nikaelewa kwamba anaandika vitabu na analipwa kuhutubia. Yale mafupi yanamfanya asisahaulike. Kula anakulia kwingine. Hapa kwetu mwanablogu Michuzi alianza 2005 kuweka picha na maelezo ya mistari michache, na pembeni yalijipanga mabango ya kampuni za hapahapa. Bango la kampuni ya hapa halijali mnada wa sekunde. Mwenye kampuni anakaa na mwenye blogu, wanapatana kwa mwezi, na dagaa wa Mbagala ghafla anakuwa ndiye samaki anayetakiwa, kwa sababu ndiye anayenunua sabuni ile.

Nikajaribu njia hiyo. Kampuni moja, siitaji, ikaniita ofisini, wakanipa maji ya chupa, wakasifu kalamu yangu, wakaomba niandike vifupi vitano kuhusu bidhaa yao. Malipo? "Utajulikana." Nikawaambia mimi tayari najulikana, hasa na wanaonidai. Mwingine, mpishi wa sherehe, alikuwa muungwana zaidi: alinilipa kwa ubwabwa. Ulikuwa ubwabwa mzuri, siwezi kusema uongo, ila luku haipokei ubwabwa.

Haya yote mke wangu alikuwa akiyasikia akiwa jikoni, hasemi. Siku moja akaomba nimwachie blogu kwa usiku mmoja. Akaandika kitu anachokijua: jinsi ya kujua gesi imebaki kiasi gani kwenye mtungi. Mwagia maji ya moto ubavuni, subiri kidogo, pitisha kiganja kutoka juu kwenda chini. Palipo na joto hakuna gesi, pale panapoanza ubaridi ndipo gesi ilipofikia. Ukikuta ubaridi uko karibu na kitako, usianze kuchemsha maharage. Hayo tu. Nilitaka nimwongezee utani mmoja kuhusu maharage, akanizuia mkono. Chini akaweka namba ya simu: mtungi wa kilo 6 na wa kilo 15, tunaleta hadi mlangoni, Tabata, Segerea na Kinyerezi. Muuza gesi wa hapa mtaani alikubali kumpa kamisheni kwa kila mtungi utakaouzwa kupitia namba ile.

Mpwa wangu aliposoma alisimama, akampa mkono, akamwita "Aunt, wewe ni mtaalamu". Mimi sijawahi kupewa mkono.

Watu wanakitafuta kile kitu. Wanakitafuta saa kumi na mbili jioni, sufuria iko jikoni na moto umekuwa wa njano. Wanasoma sekunde thelathini, wanamwaga maji, wanapapasa mtungi, wanapiga simu. Tangazo la mnadani linaloambatana nacho linaleta senti zake, hatuzitegemei. Kamisheni inaingia kwenye simu ya mke wangu, mlio mdogo, anatazama, anaweka simu kifudifudi.

Sasa amesema muuza gesi ameelemewa na usafirishaji, na kwamba mtu mwenye nafasi nyingi hapa nyumbani ni mmoja. Nimepewa baiskeli. Leo nina mtungi wa kilo 15 wa kupeleka Kinyerezi, kule juu kwenye kile kilima, na mteja ameshapiga mara mbili kuuliza niko wapi. Anasema ananifahamu. Anasema anapenda sana visa vyangu, na kama nina kipya nimsimulie nikifika, maana bando lake limeisha.